Dakika Tatu kwa Mama Mkwe

Ngosa Kalaba alikuwa na miaka arobaini na sita, mke mmoja, binti mmoja na geti moja la chuma ambalo hakuwahi kulitengeneza. Mkewe Laurentine, ukimuuliza habari za mumewe, alianzia kwenye geti. Mtu anayekereza vyuma kwa kipimo ambacho jicho halioni anashindwaje na geti? Lilikuwa limeinama upande mmoja, na kulifungua kulitaka mtu ashike nondo, ainue, asukume, apumue kidogo, ainue tena. Kazi hiyo ilimwangukia Laurentine kwa sababu mumewe alikuwa ndani ya gari anasubiri. Aliifanya huku akimsema kwa sauti ambayo majirani wote wa Makomeno waliizoea.

Kazini, katika karakana ya Gécamines, kampuni ya migodi ya shaba, hakuna aliyemsema Ngosa. Miaka ishirini na minne alikuwa amesimama mbele ya mashine ileile ya kukereza, akila chakula cha mchana kwenye kisanduku cha bati huku akiitazama. Vitambulisho vyake viliandikwa Ngosa Kalaba, kama ilivyotaka serikali ya Zaire, iliyokataza majina ya kizungu; jina la ubatizo, Edouard, lilibaki kwa padri tu. Kila chombo kilichoshindikana kililetwa kwake. Alikuwa mpole, mcheshi, na mbishi kuliko nyumbu wa misheni.

Ubishi huo ndio uliomletea gari.

Lilikuwa Pejo 604 ya mazuti, yaani dizeli, rangi ya chai ya maziwa, mali ya mhandisi mgeni aliyekwenda likizo mwaka themanini na tatu na kubakia hukohuko kwao. Lilisimama miaka mitatu chini ya mjakaranda, nyuma ya nyumba kubwa jirani na kwa Ngosa. Kuku walitagia kwenye kiti cha nyuma. Mlinzi wa nyumba, mzee Alphonse, alipokea barua kwamba yeyote anayelitaka alichukue, mradi alitoe kabla ya mvua, naye Ngosa alikuwa amefika na kamba kabla barua haijakunjwa. Wote waliojua magari walimhurumia. Hilo gari lina turbo, walisema, na turbo yake imekufa.

Turbo ni kitu kidogo kinachoenea katika mikono miwili. Moshi unaotoka kwenye injini, badala ya kwenda zake bure, unazungusha gurudumu dogo lenye mabawa. Kwenye mhimili uleule kuna gurudumu la pili linaloisukumia injini hewa, nayo inapata nguvu ambayo haikuzaliwa nayo. Mhimili huo unazunguka mara maelfu na maelfu kwa dakika moja, na haukai juu ya gololi. Unaelea katika mafuta, ndani ya bushi, pete mbili za bronzi, na kati ya chuma na chuma pana nafasi nyembamba kuliko unywele. Ngosa alipofungua na kuona hayo, alikaa chini kabisa. Mtu aliyekereza vyuma nusu ya maisha yake alikuwa ameonyeshwa mchumba.

“Toa ile turbo,” alimshauri rafiki yake Godefroid, aliyefanya kazi kwenye tanuru la kuyeyushia. “Funga na tôle, kipande ya bati tu. Motoka itatembea polepole, lakini itatembea.”

“Nikiitoa, nitakuwa na motoka ya kila muntu,” akajibu Ngosa. “Miye nataka ile inapigaka mluzi.”

Basi Jumapili baada ya Jumapili, baada ya misa, alitandika mkeka uani akavaa suruali ya kazi. Kabla hajafungua mhimili, alichukua rangi ya kucha ya binti yake Wivine akachora mstari mmoja mwembamba kupitia nati, mhimili na mabawa, ili kila kitu kirudi palepale kilipokuwa. Kikisogea hata kidogo, kikizunguka kitatetemeka mpaka kijivunje. Wivine alilalamikia rangi yake mwezi mzima. Godefroid alimtafutia kipande cha bronzi kilichobaki kazini, pamoja na karatasi ya kukitolea yenye sahihi na muhuri, na mkuu wa karakana akamruhusu abaki kwenye mashine baada ya saa za kazi. Bushi za kwanza zilibana. Za pili zililegea. Za tatu, alipozipaka mafuta na kuziachia, ziliteremka mahali pake zenyewe, taratibu, bila kusukumwa, na Ngosa akapiga yowe ambalo lilimtoa mkuu ofisini.

Halafu likaja suala la bomba dogo la kupeleka mafuta kwenye turbo. La zamani lilikuwa limeoza. Mtu wa Lubumbashi akihitaji bomba hafikirii mara mbili, anakwenda kwenye shaba. Tumekulia katika vumbi lake na moshi wake, tunaiamini kama ndugu. Ngosa akaweka bomba la shaba, limenyooka, zuri, linang'aa. Baada ya wiki moja ya kuiwasha injini palepale uani likapasuka. Shaba ikitetemeshwa mfululizo inakuwa ngumu, na ikishakuwa ngumu inakatika. Hilo alilijua tangu ujana wake, ila mtu haogopi ndugu yake. Akakata jingine, akalichomeka katika makaa ya mbabula, jiko la Laurentine, mpaka likawa jekundu, akalitumbukiza majini, likalainika, akalizungusha mara tatu kwenye mpini wa ufagio ili mtetemo upotelee katika zile duara. Laurentine alitoka na sufuria ya bukari, ugali wa kwao, mkononi akakuta mbabula yake ina kazi.

“Baba Wivine,” alisema, “leo tutakula tuyau, ile bomba yako?”

“Na mboga yake iko mafuta ya moteur,” akajibu mumewe.

Ilipofika Pasaka ya mwaka themanini na saba gari lilitembea. Ngosa alilipeleka mpaka barabara iliyo wazi, akakanyaga, na mluzi ukaanza chini ya boneti, mwembamba, ukapanda, ukapanda, na mgongo wake ukabanwa kwenye kiti. Alicheka peke yake mpaka machozi. Alirudi nyumbani akapiga honi kwa furaha, na Laurentine akatoka na nondo yake kwenda kupigana na geti.

Lakini furaha ya Ngosa ilikuwa na shimo moja, nalo lilikuwa Kipushi, nyumbani kwa mama mkwe wake.

Kwa watu wa ukoo wa Laurentine, mkwe na mama mkwe hawatazamani. Mkwe akimwona njiani, anapinda. Akifika uani kwake, anavua kofia, anachuchumaa, anapiga makofi mepesi ya salamu huku macho yakiwa pembeni, na maneno yake yanabebwa na mtu wa kati. Haingii nyumbani kwake, hali mbele yake, wala mama mkwe hawezi kulala kwa mkwe huyo. Hiyo ni heshima, si uadui. Inadumu mpaka siku ambayo familia ya mke itampikia mkwe na kumuingiza rasmi ndani ya nyumba. Kuanzia siku hiyo anakuwa mtoto wa pale, anakula, anataniwa, anatumwa dukani.

Siku ya Ngosa ilikuwa imewekwa mwaka elfu moja mia tisa na sabini. Chakula kilipikwa, wageni walikaa, na Ngosa alikuwa njiani ndani ya lori aliloazima. Lori likafa katikati ya safari. Mtu mwingine angeteremka akatembea. Ngosa aliingia chini ya lori kulitengeneza, na akafika Kipushi kesho yake asubuhi, amepakaa mafuta mpaka masikioni, anatabasamu kwa sababu alikuwa amegundua kilichoharibika. Chakula kilikuwa kimepoa na kuliwa. Baba mkwe, ambaye sasa ni marehemu, alikuwa ameaibika mbele ya watu wake. Hakuna aliyemtukana Ngosa. Hawakumwekea siku nyingine, basi.

Miaka kumi na saba ikapita hivyo. Mama Kapya, mama mkwe wake, hakuwahi kuona nyumba alimozaliwa mjukuu wake. Laurentine alipougua, mama yake alituma dawa na salamu, yeye akabaki Kipushi. Kila alipokwenda kwao Laurentine alirudi kimya, na kimya kile kilimuuma Ngosa kuliko kelele zote za geti.

Mwezi wa tano shangazi Jeanne, aliyekuwa mtu wa kati, alileta habari. Mama Kapya alikuwa amesikia kwamba mkwe wake amefufua gari lililokufa. Siku ya kumuingiza itakuwa Jumapili ya mwisho ya mwezi wa nane. Chakula kitakuwa mkekani kabla jua halijainama. Na akija vizuri, Mama atapanda gari hilo jioni ileile aende Makomeno, kwa sababu miguu yake sasa ni mibovu na kwenye lori hapandi tena maisha yake yote.

“Hayo njo maneno ya Mama,” Jeanne alisema. “Haya iko yangu miye: usiingie tena chini ya lori.”

Laurentine alikwenda jikoni akajifanya anatafuta chumvi. Ngosa alimfuata akamkuta analia na kucheka pamoja. Wote wawili walijua. Safari hii ikiharibika, Mama hatakuwa na miguu ya kusubiri safari nyingine.

Tangu hapo Ngosa alikwenda Kipushi kila wiki ya pili, kupeleka unga na sukari na kuonyesha adabu. Kabla ya kufika kuna mwinuko mrefu, na hapo ndipo alipoipa turbo nafasi ya kuimba. Alipanda kwa mbio, akashuka kwenye nyumba za kwanza, akakata kona kwenye mlimao wa Mama Kapya, na hapohapo, magurudumu hayajasimama vizuri, alizima injini. Mkwe ataletaje ngurumo uani kwa mama mkwe? Aliteremka katika ukimya kamili, akachuchumaa, akapiga makofi. Majirani walimsifu.

“Mukwe wa Mama Kapya eko na adabu,” walisema. “Hata motoka yake inamuheshimia.”

Mwezi wa sita turbo ikafa. Mluzi uligeuka kelele ya chuma kinachokwaruza chuma, na moshi wa bluu ukafunika barabara. Ngosa akakereza bushi mpya. Mwezi wa saba ikafa tena. Akakereza nyingine. Wiki ya kwanza ya mwezi wa nane, akirudi kutoka Kipushi, akasikia mwanzo wa kelele ileile, na akarudi nyumbani polepole kama anabeba mayai.

Sasa ndipo watu walipoanza kusema. Mjini gari linatembea wiki nzima bila kikohozi. Likienda kwa wakwe tu, linarudi mgonjwa. Hata Godefroid, mtu wa akili, alishusha sauti. “Ndugu, kule ku bakwe kuko kitu. Labda yule mama hataki.” Maneno hayo yakamfikia Laurentine sokoni. Alirudi nyumbani akaweka kikapu chini kwa nguvu.

“Banasema mama yangu njo anaua motoka yako. Na weye unasema nini?”

“Miye nasema mikono yangu iko mibaya,” Ngosa akajibu.

Na aliamini hivyo kweli. Alikuwa ameanza kuitazama mikono yake kazini, anapima kitu mara tano pale ilipotosha mara moja. Alikuwa anaogopa. Mtu ambaye hakuwahi kuiogopa mashine yoyote alikuwa anaogopa Jumapili moja.

Zilibaki wiki mbili. Alitandika mkeka uani, akafungua turbo kwa mara ya nne, akaifuta, akaishika kwenye mwanga. Bushi ya upande wa baridi ilikuwa nzima. Ya upande wa moto ilikuwa imelika, na kuizunguka pote palikuwa na ukoko mweusi, mgumu, ambao ulikwanguka kwa ncha ya bisibisi vipande vipande. Hatua mbili kutoka kwake Laurentine alikuwa anakaanga mikate kwenye mbabula. Alinyoosha shingo kuangalia.

“Iyo minaijua,” alisema.

“Unaijua wapi?”

“Ku kikaango yangu. Ni mafuta iliungua. Ukitoa kikaango ku moto na mafuta kidogo ndani, we unafikiri imekwisha. Apana. Chuma iko moto bado, na ile mafuta inalala palepale, inakauka, inakuwa vile.”

Ngosa aliacha kukwangua.

“Sasa uniambie,” Laurentine aliendelea, akigeuza mkate. “Ukizimisha moteur, mafuta inaendelea kutembea mule ndani?”

“Apana. Pampu inasimama.”

“Na ile kitu yako iko moto?”

“Iko moto sana. Kama nilitoka kukimbia, inaiva nyekundu.”

“Bon. Ku Kipushi unazimishaka wakati gani?”

Ngosa aliweka bisibisi chini. Alikuwa anaona mlimao, magurudumu ambayo hayajasimama, mkono wake kwenye ufunguo.

“Na hapa ku nyumba?” akauliza Laurentine, kisha yeye mwenyewe akageuka polepole kulitazama geti.

Wote wawili walilitazama. Lile geti baya, lililoinama, la kuinua na kusukuma na kupumua. Kila siku, kila aliporudi, lilikuwa limemweka Ngosa barabarani dakika tatu nzima huku injini inanguruma taratibu, mafuta yanatembea, turbo inapoa. Geti lilikuwa linaponya gari, na adabu ya Kipushi ilikuwa inaliua. Ngosa alianza kucheka. Alicheka akalala chali mkekani, na Laurentine akacheka mpaka mikate ikaungua.

“Kwa hiyo miye njo mécanicien,” alisema akijipangusa macho. “Miezi yote ile, miye na nondo yangu.”

“Weye njo mukubwa wa atelier, karakana nzima,” mumewe akakubali. “Na ile geti, muntu akiigusa, minapigana naye.”

Alikereza bushi mpya, na safari hii mikono yake haikupima mara tano. Mpango ulikuwa rahisi: siku ya siku, atasimama kwenye mikaratusi, mbali kidogo na kwa Mama Kapya, aache injini ipumue dakika tatu, kisha aingie uani mdogomdogo na kuzima kwa heshima. Adabu itapona na turbo itapona. Laurentine alitaka kubeba nondo kwa ajili ya bahati.

Jumapili hiyo Ngosa alivaa abakosi yake ya kijivu, ile suti isiyo na tai, Laurentine na Wivine vitenge vipya vya namna moja, na wakaondoka mapema kiasi cha kuwashangaza mbwa wa mtaa. Nusu ya njia wakakuta treni ya madini imesimama juu ya barabara. Behewa baada ya behewa, kushoto mpaka macho yanapoishia, kulia vilevile. Hakuna aliyejua inasubiri nini. Ngosa aliteremka akauliza, akarudi, akateremka tena. Saa zikapita. Wivine alipendekeza watembee, naye baba yake akamtazama kwa uchungu sana, kwa sababu hayo ndiyo aliyopaswa kuyafanya miaka kumi na saba nyuma. Lakini gari lilikuwa zima, na bila gari Mama asingeweza kurudi nao.

Treni ilipojikokota mwishowe na kuacha njia, jua lilikuwa juu ya vichwa vyao na limeanza kupita. Ngosa alikanyaga. Sijui kama Pejo ile iliwahi kukimbia hivyo hata ilipokuwa mpya. Mluzi ulipanda mpaka ukawa sauti moja tu, mwinuko ukaliwa, Laurentine ameshika kilemba, Wivine amefumba macho. Mikaratusi ikaonekana, na Ngosa akaanza kupunguza mwendo ili asimame.

Hakuweza kusimama. Shangazi Jeanne na wanawake wa ukoo walikuwa barabarani palepale, wamechoka kungoja uani, wamekuja kuangalia kama anakuja au amelala chini ya lori. Walipoliona gari wakapiga vigelegele, wakalizunguka, wakalisukuma kwa makofi kwenye boneti na kwa nyimbo, na mtu hawezi kuwaambia mashangazi wa mkewe wasubiri kwenye miti. Mita mia moja tu, akawa yuko chini ya mlimao. Mama Kapya alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni, kitenge begani, uso ameugeuza pembeni kama desturi inavyotaka. Vyakula vilikuwa vimefunikwa mkekani. Kivuli cha mlimao kilikuwa kinakaribia kuugusa mkeka.

Kila mtu akanyamaza, isipokuwa gari.

Mkono wa Ngosa ulikuwa kwenye ufunguo. Kutoka chini ya boneti alisikia harufu ya chuma kilichoiva.

“Ukizimisha, mama atabaki huku,” Laurentine alinong'ona.

“Nisipozimisha, nimemutukana.”

Aliutoa mkono kwenye ufunguo. Akafungua mlango, akateremka, akaacha injini inanguruma nyuma yake. Alivua kofia, akachuchumaa mavumbini na abakosi yake, akapiga makofi mepesi, na hakuna aliyeyasikia kwa sababu ya ile ngurumo. Mjomba mmoja mzee akaguna. Jeanne alikuwa ameshika kichwa.

“Ile motoka iko nalia juu ya nini?” Mama Kapya alimuuliza Jeanne, kwa sauti ndogo.

Ngosa alisema na ardhi iliyokuwa mbele yake. “Shangazi, umuambie Mama: turbo iko moto sana, nilikimbia. Nikizimisha sasa, mafuta itaungua mule ndani, itakufa, na Mama hatafika ku nyumba kwetu leo. Inaomba dakika tatu. Kosa iko ya miye, apana ya motoka. Na minaomba anisamehe na ile ya zamani pia.”

Jeanne akavuta pumzi aanze kuyabeba maneno hayo. Mama Kapya akainua mkono.

“Wacha, Jeanne. Masikio yangu iko mazima.” Halafu akasema moja kwa moja, bila mtu wa kati, kwa mara ya kwanza tangu amwoze binti yake. “Nilingoja mukwe miaka kumi na saba. Dakika tatu njo itanishinda?”

Aliyeanza kucheka alikuwa yuleyule mjomba aliyeguna. Kisha mashangazi, kisha uani kote. Jeanne akaanza wimbo, na kwa kuwa injini ilikuwa na mapigo yake, wakaimba kwa mapigo hayo. Wanawake wakacheza wakilizunguka gari, Wivine akavutwa katikati, Laurentine akashuka na kucheza mbele ya boneti lake kama bibi harusi. Ngosa alibaki amechuchumaa, hajui aweke wapi furaha yake. Harufu ya chuma ilipungua. Ngurumo ikatulia. Walipomaliza wimbo wa pili Mama Kapya alitega sikio upande wa gari, kama mtu anayesikiliza sufuria jikoni.

“Bon,” akasema. “Sasa imepumua. Zimisha, kiisha uingie, chakula inapoa. Safari hii hatutaikula bila weye.”

Alizima. Mluzi ulishuka taratibu, mwembamba, mpaka ukaisha wenyewe. Alipogeuka, Mama Kapya alikuwa amesimama mlangoni ameunyoosha mkono, na Ngosa akautazama uso wake uliokuwa unatabasamu. Miaka kumi na minane ya ndoa, na hakuwa amewahi kujua kwamba ule mwanya kwenye meno ya mbele ya Laurentine, mwanya uliomfanya amwoe, ulitoka kwa mtu huyu.

Jioni waliingia Makomeno kabla ya giza. Mama Kapya alikaa mbele, kikapu cha kuku mapajani, anauliza kila nyumba ni ya nani. Gari likasimama barabarani mbele ya geti, Laurentine akateremka na nondo yake, akaanza kuinua, kusukuma na kusema. Majirani walitoka kuangalia.

“Mukwe,” Mama Kapya aliuliza, “fundi muzima sawa weye, juu ya nini hautengenezi ile geti?”

Ngosa akamweleza. Alicheka, yule mama, akipiga magoti yake mabovu kwa kiganja, mpaka kuku kikapuni wakapiga kelele. Kisha akatoa kichwa dirishani.

“Laurentine! Polepole, mwanangu. Usifungue haraka.”

Na injini ikaendelea kunguruma, naye Ngosa hakuwa na kazi nyingine kwa dakika tatu isipokuwa kukaa pale na kumtazama mama yake mpya.